Ulikaa siti namba ngapi?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 22, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mwanza, nasomea shahada ya uhusiano wa umma na masoko. Naomba usitaje chuo changu wala kampuni nitakayoisimulia, maana jiji hili ukilitembea wiki moja umeshakutana na kila mtu.

Mwaka jana baada ya mitihani nilipelekwa fildi, wiki nane, kwenye kampuni ya mabasi yanayotoka hapa kwenda Dar es Salaam. Wiki nne za kwanza nilitoa kopi, nilichemsha chai, nilikata habari za magazeti na kuzibandika kwenye faili ambalo sikuona mtu akilifungua. Sikulalamika, nilijua mgeni huanza hivyo.

Wiki ya tano basi letu lililokuwa linatoka Dar liliharibika usiku baada ya kupita Singida, kabla ya kufika mlima Sekenke. Lilizima saa nne usiku, na basi la kuwafuata abiria likafika saa nne asubuhi. Kulipokucha ukurasa wa Facebook wa kampuni ulikuwa umejaa picha: mtoto amelazwa juu ya begi na kufunikwa kanga, wazee wameketi kando ya lami, dereva yuko uvunguni na tochi ya simu. Bosi wangu, mkuu wa masoko na uhusiano, akaniita. "Nyie vijana mitandao ndiyo kwenu. Fungua akaunti tatu, sema ulikuwemo kwenye gari na mmehudumiwa vizuri."

Nikafungua. Moja niliipa picha ya ua la waridi, ya pili machweo ya ziwa, ya tatu gari ambalo hata sijui ni la aina gani. Nikaandika kwamba tulipewa soda na biskuti, kwamba dereva alikuwa mstaarabu, na kwamba gari kuharibika ni mambo ya Mungu.

Haikupita dakika kumi mama mmoja akanijibu: "Pole mwenzangu, kumbe tulikuwa wote. Ulikaa siti namba ngapi?"

Mama, sijamjibu mpaka leo. Watu waliicheka ile komenti yangu siku nzima. Bosi alisema nisijali, keshokutwa watakuwa na jambo jingine, na kweli ikawa hivyo. Wiki ya mwisho kampuni ilizindua basi jipya, akanipa bahasha kumi na mbili niwagawie waandishi wa habari, kila moja ina shilingi 20,000, na kwenye karatasi tukaandika "nauli". Nilipomaliza fildi alinipa ripoti nzuri kuliko wenzangu wote wa darasa.

Sasa amenipigia simu. Anataka nirudi Julai kwa fildi ya mwaka wa pili na amesema nafasi ikitokea hawatanisahau. Baba anauza dagaa mwaloni Kirumba, mkopo wangu haugharamii ada yote, na kinachobaki anakijazia yeye. Nilipomwambia habari ya kurudi alifurahi, akasema ukishapata pa kushika, shika. Lakini kila nikienda nyumbani huniuliza: "Hivi huo uhusiano wa umma ndiyo nini? Si ule wa kukaa mapokezi?" Nashindwa kumweleza, na baada ya ile fildi nashindwa hata kujieleza mwenyewe.

La mwisho ni kwamba mimi si mtu wa kuongea. Mhadhiri mmoja aliniambia mbele ya wenzangu nihamie uhasibu, kwamba huku wanatakiwa watu wenye mdomo na mvuto. Kiingereza changu ni cha kuunga. Jumuiyani nikipewa kusoma matangazo natetemeka mpaka karatasi inasikika.

Nirudi kwa yule bosi? Kama nisirudi, nijiandae vipi kwa muda uliobaki? Au nihame kweli?

Mwenye Haya, Mwanza


Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwa yule mama. Amelala barabarani na watoto wa watu, amefika nyumbani hajaoga, anafungua simu anakutana na soda na biskuti. Hakukutukana. Alikuuliza namba ya siti. Mimi nilianza kazi kama mwandishi wa redio, baadaye nikawa afisa uhusiano katika ofisi mbili tofauti mpaka nilipostaafu, na nimehojiwa na wahariri wakali, wabunge na wenye mali, lakini sikumbuki swali fupi lililoikamata kazi hii pabaya namna hiyo.

Tuanze na la Julai, kwa sababu lina tarehe. Usirudi.

Najua nasema hivyo nikiwa nimekaa kwangu nakunywa chai, na ajira unaitafuta wewe. Najua pia baba yako atashangaa. Lakini hebu ipime hiyo ahadi. "Nafasi ikitokea hatutakusahau" ni maneno ambayo kila ofisi humwambia kila mwanafunzi wa fildi anayefanya kazi bila malipo. Niliyasema na mimi, Mungu anisamehe, kwa watoto wengi kuliko nafasi zilizokuwepo. Na hata nafasi ikitokea kweli, umeshaona utaitwa kufanya nini. Bosi huyu ana jambo moja la kukufundisha na umeshalijua ndani ya dakika kumi.

Kuna jingine ambalo huenda hukufundishwa darasani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa huku akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma. Simu iliyotumika ni yako, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Bosi hakuandika neno hata moja. Sikwambii hivi ili ukose usingizi, sidhani kama kuna mtu atakufuata kwa ajili ya biskuti. Nakwambia ili ujue kwamba mwenye kuagiza kitu cha namna hiyo mara nyingi anakuwa ameshapanga vidole vya nani viguse.

Ukitaka kuona jambo hili linafika wapi likikua, soma habari za Bell Pottinger. Ilikuwa kampuni ya uhusiano wa umma yenye jina kubwa London. Ikachukua kazi ya Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta huko Afrika Kusini, na kampeni yake, ambayo sehemu yake ilipita mitandaoni, ikaonekana kuchochea uhasama wa rangi katika nchi ambayo kidonda hicho hakijafunga. Septemba 2017 chama cha kampuni za uhusiano wa umma cha Uingereza, PRCA, kikaifukuza uanachama kwa miaka 5. Haikumaliza wiki mbili, kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Wateja walikimbia, maana nani atamlipa mtu wa kumsemea ambaye akifungua mdomo watu wanacheka?

Sasa turudi Sekenke. Nataka nikuonyeshe jambo ambalo nahisi linakusumbua bila wewe kulipatia jina.

Siku hizi tiketi za mabasi ni za kielektroniki. Abiria anapokata tiketi anaacha jina na namba ya simu, na anapewa namba ya siti. Kwa hiyo asubuhi ile, wakati wewe unatafuta picha ya ua la waridi, ofisi yenu ya tiketi pale stendi ilikuwa na orodha ya abiria wote, siti kwa siti, simu kwa simu. Swali la yule mama lilikuwa na majibu yote ndani ya jengo lenu! Mngeweza kumpigia. Mngeweza kuwapigia wote kabla ya saa nne. "Mama wa siti namba 23, naitwa fulani, niko ofisini Mwanza. Basi la kuwachukua limetoka saa kumi na moja alfajiri, liko mahali fulani. Mtoto yukoje? Mna maji?" Simu hamsini, dakika mbili mbili, watu wawili wakigawana wanamaliza ndani ya saa moja. Hiyo ndiyo uhusiano wa umma, na haihitaji mdomo wala mvuto. Inahitaji vocha.

Angalizo moja hapo: orodha ile ni ya kuwapigia abiria, usije ukaibandika mtandaoni kuthibitisha kitu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na afisa uhusiano asiyeijua ni hatari kwa mwajiri wake.

Baada ya simu ndipo inakuja taarifa. Darasani nina hakika mmesomeshwa dawa za Tylenol zilizotiwa sumu huko Chicago mwaka 1982 mpaka mmezichoka, kwa hiyo nitakupa mfano mwingine ulio karibu na basi lako. Oktoba 1906, huko Atlantic City nchini Marekani, treni iliacha reli darajani ikatumbukia majini na watu zaidi ya 50 wakafa. Kampuni za reli za wakati ule zilikuwa na desturi ya kufunga milango, kuwafukuza waandishi na kukana kila kitu. Aliyekuwa akiishauri kampuni ile, Pennsylvania Railroad, ni Ivy Lee, mwandishi wa zamani wa magazeti. Yeye aliandika yaliyotokea, akawapa waandishi, tena kampuni ikawasafirisha waandishi wenyewe mpaka eneo la ajali wakajionee. Gazeti la New York Times liliichapa taarifa ile kama alivyoiandika. Wengi huihesabu kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari.

Wahadhiri wengi huishia hapo, na mwanafunzi anaondoka akidhani amepata mtakatifu. Miaka minane baadaye, wachimba makaa ya mawe walipogoma huko Colorado na kambi yao ya Ludlow ikashambuliwa, wakafa watu wakiwemo watoto, Ivy Lee yuleyule aliajiriwa na familia ya Rockefeller iliyokuwa na hisa katika migodi. Akasambaza vijitabu vyenye madai yasiyo ya kweli dhidi ya viongozi wa wagomaji. Mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la mmea wenye sumu unaowasha ngozi, Poison Ivy, na jina hilo likamganda mpaka kesho. Mtu mmoja, kalamu moja. Mara ya kwanza aliandika kilichotokea, mara ya pili aliandika alichotumwa. Nakutajia yote mawili ili usije ukafikiri kwamba kwa sababu ulikosea ile wiki ya tano basi umeshaharibika, au kwamba ukipatia mara moja umeshapona.

Ungeandikaje basi? Ungeanza na lililotokea, kwa saa na mahali. Ungesema abiria walikaa barabarani kwa saa 12. Hapo bosi angeruka, angesema "andika kwa muda", na hapo ndipo ungetakiwa kushikilia, maana walioko barabarani wana saa mikononi. Ungesema kama kuna aliyeumia au hakuna. Ungesema kwa nini basi la pili lilichelewa: kama halikuwepo gari la akiba Shinyanga au Singida, liandike hivyo hivyo. Ungesema mtawarudishia nini, lini, na waende wapi kuchukua. Kisha namba ya simu ambayo ikipigwa inapokelewa na binadamu. Na kabla ya kuandika lolote ungepiga simu kwa dereva, kwa fundi, kwa mkata tiketi, na ungejua LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wanataka nini kwa abiria aliyecheleweshwa, maana mwandishi mzuri atakupigia akiwa ameshawauliza wao.

Hayo yote niliyoyataja, hesabu mangapi ni ya kuongea na mangapi ni ya kuuliza kisha ukanyamaza usikilize.

Ndiyo maana siafikiani na mhadhiri wako. Amechanganya afisa uhusiano na mshereheshaji. Katika ofisi nyingi anayesimama mbele ya kamera ni mkurugenzi au msemaji aliyeteuliwa, na nyuma yake kuna mtu aliyekesha akitafuta takwimu, akaandika majibu ya maswali ishirini ambayo huenda yakaulizwa matano. Mimi nimefanya kazi na maafisa waongeaji sana. Walikuwa wazuri kwenye hafla. Siku ya tatizo walikuwa mzigo, kwa sababu mtu anayependa sauti yake hujaza kimya kwa ahadi, na ahadi ikishatoka hewani huwezi kuirudisha. Wewe unayetetemeka utasema ulichonacho kisha utanyamaza.

Lakini sitakudanganya kwamba haya yako tuiache kama ilivyo. Kuna siku mkurugenzi atakuwa safarini na kipaza sauti kitaletwa kwako. Mazoezi yako unayo tayari bila kujua: hayo matangazo ya jumuiya. Usiyakwepe, yaombe. Hakuna somo zuri kuliko tangazo la kanisani, kwa sababu kila mtu lazima atoke akijua siku, saa, mahali na mchango, na usiposema vizuri utawajua Jumapili ijayo kwa kutofika kwao. Yasome kwa sauti nyumbani mara tatu. Shika karatasi juu ya kitabu kigumu, haitasikika.

Na Kiingereza? Kifanyie kazi, utakihitaji kwa wafadhili na wenye hisa na kwa ripoti zao. Ila kinachonisikitisha zaidi ni Kiswahili. Wahitimu wengi tunaowapokea wamesoma kila kitu kwa Kiingereza, ukiwaambia waandike taarifa ya Kiswahili wanakupa hiki: "Uongozi wa kampuni unapenda kuutaarifu umma kuwa umesikitishwa na taharuki iliyojitokeza kufuatia changamoto ya kiufundi." Unapenda? Nani anapenda kutaarifu kwamba gari lake limelala porini? Na taharuki ni ya nani, si ya aliyelala na mtoto juu ya begi? Kila siku chukua taarifa moja ya namna hiyo, zipo tele, iandike upya kama unavyomweleza jirani. Nusu ukurasa. Fanya hivyo mpaka Julai na utakuwa umewapita wengi wenye mdomo.

Fildi yako ya mwaka huu itafute sasa, usingoje barua ya chuo mwezi wa sita. Kama mimi ningekuwa wewe ningekwenda chumba cha habari kwanza, na huna haja ya kupanda basi lolote kwenda Dar kwa ajili hiyo: Radio Free Africa iko Mwanza hapo hapo, na kuna redio ndogo pia. Hata wiki mbili za kujitolea zitakufundisha mambo ambayo hayamo vitabuni. Utajua kwamba taarifa inayofika saa kumi na mbili jioni huwa imeshakufa. Utajua mhariri anasoma mistari miwili ya mwanzo na cheo cha mkurugenzi wako kikiwa ndani yake anahamia kwingine. Utajua pia hasira ya mwandishi anayempigia afisa uhusiano mara sita bila kupokelewa. Ukitoka hapo, omba kitengo cha mawasiliano serikalini cha halmashauri, au hospitali. Halmashauri hazina mvuto, viti vimechanika, lakini wananchi wanaingia na malalamiko ya kweli tangu saa mbili asubuhi, na huko ndiko utajifunza kusikiliza.

Kuhusu uhasibu, usihamie, ila jifunze kuusoma. Mkurugenzi akikuletea takwimu za mapato uweze kumuuliza kwa nini ukurasa wa pili haulingani na wa tano. Afisa uhusiano anayeogopa namba hubeba uongo wa wenzake bila kujua.

Bahasha. Ulitaja kwa haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa, lakini nimeiona. Sitajifanya sijui. Niligawa bahasha miaka mingi, na ilikuwa ikiitwa nauli vilevile, mara nyingine mshiko. Nilijiambia kwamba waandishi wanalipwa vibaya, jambo ambalo ni kweli. Kisha siku moja ofisi yetu ikapata tatizo kubwa, na wale niliowapa bahasha miaka yote hawakunipigia hata kuuliza. Walikwenda kwa waliolalamika, wakaandika, na walikuwa sahihi. Aliyenipigia ni mmoja ambaye hakuwahi kupokea senti yangu, tuligombana naye mara nyingi, lakini kila aliponiuliza namba nilimpa iliyo sahihi hata ilipotuumiza. Habari yake ndiyo pekee iliyokuwa na upande wetu. Siwezi kukuambia kwamba utaimaliza desturi hii ukiwa mwanafunzi. Ukiwa na ofisi yako, kama tukio liko mbali, peleka gari liwachukue waandishi na liwarudishe, andika hivyo kwenye bajeti, na wape takwimu na watu wa kuhoji. Kwa sasa, ukiambiwa ugawe, omba ufanye kazi nyingine.

Najua kuomba hivyo mbele ya bosi si rahisi kwa binti wa fildi. Usibishane wala usihubiri. Sema: "Bosi, hili naomba unisamehe, sitaliweza. Ila nikipewa orodha ya abiria nitawapigia wote kabla ya saa sita na nitakuletea walichosema." Bosi mwenye akili atakupa orodha. Asiye na akili atakununia, na umeshajua mahali ulipo mapema. Huyu wako mpigie, mshukuru kwa ripoti, mwambie mwaka huu unakwenda upande wa habari. Hahitaji kujua zaidi.

Akaunti zile tatu zifute leo. Kabla ya kufuta, mtumie yule mama ujumbe wa faragha kutoka akaunti yako ya kweli, kwa jina lako: hukuwemo kwenye basi, uliandika ukiwa ofisini, unamwomba radhi. Usimtaje bosi, usijieleze kwamba ulitumwa. Anaweza asikujibu. Anaweza akakutukana. Au anaweza akaiweka hadharani, hilo nalo lipo, na uamuzi ni wako. Mimi ningeutuma.

Nimebakiza baba yako. Jumamosi moja nenda ukae naye mwaloni, usifanye kazi, sikiliza tu. Atakuja mnunuzi kutoka mbali, atachota dagaa kiganjani, atasugua, ataangalia kama kuna mchanga. Baba yako anazijua zilizoanikwa chini na zilizoanikwa juu ya chanja, na mnunuzi anajua kwamba anajua. Sikiliza anachomwambia. Mwulize pia kuhusu wanunuzi waliomrudia kwa miaka mingi, na yule ambaye hakurudi, ilikuwaje. Halafu mwambie kwamba hicho anachokifanya hapo, wewe unakisomea ili uwafanyie watu wenye mabasi, hospitali na viwanda ambao hawakutani na wateja wao uso kwa uso. Nadhani hataulizia mapokezi tena, ingawa wazee wetu unawajua, anaweza akauliza kwa kusudi.

Sasa nakupa kazi. Kaa chini uandike ile taarifa ya basi la Sekenke, kama ulivyopaswa kuiandika asubuhi ile. Mapengo niliyoyaacha mimi unayajua wewe. Ukimaliza nitumie, nitaipitia kwa kalamu nyekundu. Isizidi maneno 150, na neno taharuki nisilione.